Saini ya Nani?

Swali moja hurudi kila watu wanapozungumzia ulinzi wa ofisi za umma: kwa nini serikali isiwe na chombo kimoja kinacholinda majengo yake yote? Mwananchi anayehangaikia hati ya kiwanja analiona tatizo kwa macho yake. Ofisi ya kwanza ina mgambo mwenye kirungu. Ya pili, ng'ambo ya barabara, ina askari wa bunduki na mashine ya kukagua mizigo. Ya tatu ina mlinzi wa kampuni binafsi anayemwandikisha jina kwenye daftari kuukuu, na mkoba wake hautazamwi kabisa. Serikali ni ile ile. Mtu mwenye nia mbaya atachagua mlango wa tatu.

Jibu linalowajia wabunge haraka ni muswada: ulinzi wa majengo yote uwekwe chini ya mamlaka moja. Sura hii inafuatilia jibu hilo nchini Marekani, ambako wamelijaribu na kulibishania tangu 1995. Nimechagua Marekani kwa sababu wakaguzi wao wameandika mengi na kuyaweka hadharani. Nimeichagua pia kwa sababu sehemu ya mjadala huo ililipiwa kwa damu ya watu wetu, Nairobi na Dar es Salaam.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo miswada ya namna hii huyavuruga pamoja. Kuna anayeweka viwango, yaani anayesema jengo la aina fulani lazima liwe na uzio, kamera au umbali fulani kutoka barabarani. Kuna anayelipa. Na kuna anayesimama mlangoni. Muswada unaweza kuunganisha moja kati ya hayo na kuyaacha mengine yalivyo, halafu ukatangazwa kuwa ulinzi sasa ni mmoja.

Mwenye nyumba na wapangaji wake

Aprili 19, 1995, saa tatu na dakika mbili asubuhi, lori la kukodi lililobeba mbolea iliyochanganywa na mafuta kuwa bomu lililipuka mbele ya jengo la Alfred P. Murrah mjini Oklahoma City. Watu 168 walikufa. Kati yao 19 walikuwa watoto, wengi wao wakiwa katika kituo cha kulelea watoto kilichokuwa ndani ya jengo hilo. Lori lilikuwa limeegeshwa kando ya jengo, mahali pa kushushia watu, ambapo gari lolote lingeweza kusimama bila kuulizwa.

Jengo lile lilikuwa la serikali ya shirikisho, yaani serikali kuu ya Marekani iliyo juu ya majimbo 50. Ndani yake kulikuwa na ofisi za mafao ya wazee, za kupambana na dawa za kulevya na za kuandikisha wanajeshi. Zote zilikuwa wapangaji. Mwenye nyumba alikuwa idara inayosimamia majengo na manunuzi ya serikali, na tangu 1971 idara hiyo ilikuwa na kikosi chake cha ulinzi, tutakachokiita Kikosi cha Majengo. Kitu ambacho hakikuwapo ni kiwango kimoja cha usalama kwa majengo ya kiraia ya serikali kuu. Kila jengo lilijilinda kwa kadiri wakuu wake walivyoona inafaa.

Miezi miwili baadaye ripoti ya Wizara ya Sheria ilitoa viwango zaidi ya 50 na kuyagawa majengo katika ngazi tano, kuanzia kiofisi chenye watumishi wachache hadi majengo kama Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi. Oktoba mwaka huo Rais Bill Clinton alisaini amri iliyounda kamati ya idara zote ya kusimamia viwango hivyo.

Kwa hiyo viwango viliunganishwa. Malipo hayakuunganishwa, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Kikosi cha Majengo kinafika, kinakagua na kuandika mapendekezo: wekeni kamera upande wa nyuma, zuieni magari mlango wa mashariki, ongezeni mlinzi mmoja. Mapendekezo yanakwenda kwenye kamati ya usalama ya jengo, ambayo wajumbe wake ni wawakilishi wa ofisi zilizopanga humo. Wanapiga kura, na anayetumia nafasi kubwa zaidi ana kura nzito zaidi. Wakikubali, gharama inatoka kwenye bajeti zao wenyewe. Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga anajua kinachofuata taa ya uani inapoungua. Kila mtu anakubali kwamba giza ni hatari, na wiki ya tatu uani bado ni giza.

Wajumbe hao wengi si wataalamu wa usalama. Ni maofisa wa mafao, wa kodi au wa uhamiaji, waliobebeshwa jukumu hilo juu ya kazi yao. Mimi siwalaumu. Mkuu wa ofisi akiambiwa achague kati ya kamera ya uani na karani wa kupunguza foleni ya wazee, atachagua karani, na mara nyingi atakuwa sahihi kwa siku hiyo. Wakaguzi wa Bunge la Marekani walipopitia mapendekezo yaliyotolewa kati ya 2017 na 2021, walikuta yamezidi 25,000, na zaidi ya nusu hayakuwa na uamuzi wowote. Hayakukubaliwa wala kukataliwa. Yalikaa tu mezani.

Kwa ufupi: kiwango kinachowekwa na mmoja na kulipiwa na wengine hubaki ushauri, hata kikiitwa kiwango cha taifa.

Nani yuko mlangoni?

Msomaji anaweza kudhani kwamba mlangoni, angalau, kuna askari wa Kikosi cha Majengo. Kwa kawaida hayupo. Mwaka 2009 kikosi hicho kilikuwa na watumishi kama 1,200 na kilikuwa na dhamana ya majengo karibu 9,000. Pengo lilizibwa na walinzi wa mkataba wapatao 13,000, yaani waajiriwa wa kampuni binafsi zilizoshinda zabuni. Wana sare na silaha, na wanaweza kumzuia mtu hadi polisi wafike.

Mwaka huo huo wakaguzi wa Bunge walijaribu kuingia na vipande vya bomu katika majengo 10 ya ngazi ya juu, katika miji minne. Waliingia yote 10. Wakiwa ndani walikwenda chooni, wakaviunganisha vipande, kisha wakatembea kwenye korido za ofisi wakiwa na kifaa hicho ndani ya mkoba. Mwaka 2024 wakaguzi walirudia majaribio mara 27 kwa kutumia vitu vilivyopigwa marufuku, kama virungu na dawa ya kupuliza machoni. Katika karibu nusu ya majaribio hayo, walinzi hawakugundua kitu.

Ni rahisi kusema walinzi ni wazembe. Tazama kisa hiki kilichoelezwa kwenye ukaguzi wa 2009. Mtoto mchanga, akiwa kwenye kikapu chake cha kubebea, aliachwa akapita ndani ya mashine ya eksirei ya kukagulia mizigo. Mlinzi aliyekuwa zamu alifukuzwa kazi. Akaenda mahakamani, na serikali ikashindwa kesi, kwa sababu haikuweza kuonyesha kwamba mtu yule alikuwa amewahi kufundishwa kuitumia mashine ile. Mafunzo hayo yalikuwa ya saa 8, na mtoaji wake alipaswa kuwa Kikosi cha Majengo. Katika kanda moja yenye walinzi 1,500 hayakuwa yametolewa tangu 2004.

Kisa cha pili ni cha Detroit, mapema 2011. Mfuko ulikutwa umeachwa nje ya jengo la serikali la Patrick V. McNamara. Mlinzi aliuokota na kuuingiza ndani, ukawekwa na vitu vilivyopotea kumsubiri mwenyewe. Ulikaa humo takriban wiki tatu, watumishi na wananchi wakipita kila siku, hadi ilipogunduliwa kwamba ndani yake kuna bomu. Halikulipuka. Hilo ndilo jambo pekee lililowaokoa, maana mpangilio wa ulinzi haukuwa na mchango wowote.

Kati ya mwenye jengo, wapangaji, kikosi, kampuni na mlinzi mwenyewe, kila mmoja alikuwa na kipande cha wajibu. Vipande vikiwa vitano, anayefukuzwa ni mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Binafsi nauona huu kuwa ubaya mkubwa zaidi wa ulinzi uliogawanyika, mkubwa hata kuliko mianya yenyewe.

Ijumaa, Agosti 7

Sasa tuje nyumbani. Balozi za Marekani ni majengo ya serikali yaliyo katika nchi za watu, na ulinzi wake uko chini ya wizara yao ya mambo ya nje. Baada ya ubalozi wao wa Beirut kulipuliwa 1983, jopo lililoongozwa na Admeri Bobby Inman lilipendekeza mwaka 1985 kwamba ubalozi uwe na umbali wa kujikinga wa futi 100, karibu mita 30, kati ya ukuta wake na mahali gari linapoweza kufika. Maana yake ni rahisi: nguvu ya mlipuko hupungua haraka kadiri unavyokuwa mbali nao, na mita chache zinaweza kuokoa jengo zima.

Ubalozi wa Nairobi ulikuwa umeshajengwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980, katikati ya jiji, penye pilikapilika za Barabara ya Haile Selassie na Barabara ya Moi. Haukuwa na mita 30 popote. Balozi Prudence Bushnell aliandika Washington akieleza kwamba jengo halifai na kuomba jipya. Alimwandikia hata Waziri Madeleine Albright mwenyewe. Nairobi ilikuwa imewekwa kwenye daraja la kati la hatari, fedha zilikuwa chache, na miji mingine ilitangulia kwenye orodha.

Agosti 7, 1998, baada ya saa nne na nusu asubuhi, lori liliingia upande wa nyuma wa ubalozi. Walinzi wa Kikenya waliokuwa getini hawakuwa na silaha. Walikataa kufungua kizuizi. Mlinzi alijaribu kutoa taarifa ndani, lakini simu ilikuwa inatumika na masafa ya redio yalikuwa na watu wengine. Mmoja wa washambuliaji akarusha guruneti. Kishindo kile kiliwafanya watu katika ubalozi na majengo ya jirani waende madirishani kuona kuna nini. Bomu likalipuka wakiwa wamesimama mbele ya vioo. Jengo la Ufundi, lililokuwa jirani, liliporomoka. Watu 213 walikufa na zaidi ya 4,000 walijeruhiwa, wengi kwa vioo, na kuna waliopoteza macho. Kati ya waliokufa Wamarekani walikuwa 12. Wengine karibu wote walikuwa Wakenya: makarani, wanafunzi, wasafiri waliokuwa ndani ya mabasi.

Karibu dakika zile zile, Dar es Salaam nako lori la pili lililipuka. Gari la maji la ubalozi lilikuwa limesimama mbele yake getini, likalizuia na kubeba sehemu kubwa ya kishindo. Walikufa watu 11, walinzi wa Kitanzania wakiwa miongoni mwao.

Tume za uchunguzi zilizoongozwa na Admeri William Crowe zilitoa ripoti Januari 1999. Zilisema wazi kwamba serikali ya Marekani kwa ujumla wake, marais kwa wabunge, ilishindwa kwa miaka kumi kutenga fedha za kutosha. Zikasema pia kwamba hakuna mtumishi yeyote aliyeonekana kukiuka wajibu wake. Watu 224 walikuwa wamekufa katika miji miwili, kiwango cha mita 30 kilikuwapo kwenye karatasi kwa miaka 13, na hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye saini yake ilisema: najua hakijafikiwa, nakubali ibaki hivyo.

Sheria iliyotungwa mwishoni mwa 1999 ilishughulikia hilo hasa. Ubalozi mpya ulilazimika kuwa na futi 100. Ofisi zote za Marekani katika mji zililazimika kuwa ndani ya uzio mmoja. Akitaka kukwepa masharti hayo kwa jengo la ubalozi, Waziri wa Mambo ya Nje alilazimika kusaini mwenyewe, bila kumkasimu mtu mwingine, na Bunge kupewa taarifa siku 15 kabla. Fedha za ujenzi zilifuata. Ubalozi mpya wa Nairobi ulifunguliwa Gigiri mwaka 2003, na wa Dar es Salaam mwaka huo huo. Mahali pa jengo la zamani la Nairobi pana bustani ya kumbukumbu yenye majina ya waliokufa.

Gharama nyingine ya sheria ile inaonekana Gigiri. Anayetaka viza hapandi tena ngazi za jengo la mjini. Anakwenda nje ya katikati ya jiji, kwenye uzio mrefu. Kwa ubalozi uliolengwa kwa bomu, nadhani ni gharama inayostahili. Kwa ofisi ya mkuu wa wilaya nisingesema hivyo.

Chombo kimoja kikipewa meno

Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Marekani iliunda Wizara ya Usalama wa Ndani, na Kikosi cha Majengo kikahamishiwa humo mwaka 2003, chini ya idara ya uhamiaji na forodha. Mwaka 2009 kikahamishiwa kwenye idara ya kulinda miundombinu, na 2019 kwenye kurugenzi ya utawala ya wizara. Kila uhamisho ulielezwa kuwa ni wa kuboresha uratibu. Kwenye majengo walinzi walibaki wa mkataba, na kamati za wapangaji ziliendelea kupiga kura. Maseneta Joseph Lieberman na Susan Collins walileta muswada mwaka 2010, wakaurudisha 2011, ili kamati ya viwango na kikosi viwe na nguvu ya kisheria badala ya kutegemea amri ya rais. Haukupita.

Sheria iliyounda wizara ilikuwa na kifungu kingine ambacho wachache walikitazama wakati ule. Kilimruhusu waziri kuteua watumishi wa wizara yake kuwa maofisa wa kulinda mali ya serikali, na kuwapa mamlaka hata nje ya eneo la jengo, kwa kadiri inavyohitajika kulilinda. Julai 2020, wakati wa maandamano ya kupinga ukatili wa polisi, kifungu hicho kilitumika kupeleka askari wa mipaka na wa uhamiaji mjini Portland kulinda mahakama ya shirikisho. Baadhi ya maofisa wa serikali kuu waliwakamata waandamanaji mbali na mahakama na kuwaingiza kwenye magari yasiyo na alama. Mahakama ile ilikuwa imeshambuliwa kweli, usiku baada ya usiku, na ilihitaji kulindwa. Lakini amri ya kulinda kuta iligeuka ruhusa ya kufanya upolisi barabarani, katika mji ambao meya na gavana walikuwa wakiwataka maofisa hao waondoke.

Miezi sita baadaye, Januari 6, 2021, kasoro ya upande wa pili ilionekana kwenye jengo la Bunge lenyewe. Mkuu wa polisi wa Bunge hakuweza kuomba askari wa akiba kwa uamuzi wake. Alihitaji idhini ya bodi ya wakubwa wa ulinzi wa mabaraza mawili na msimamizi wa jengo. Nahodha wengi, chombo huenda mrama: umati uliolivamia jengo ulikuwa unavunja madirisha wakati idhini bado inatafutwa. Desemba mwaka huo ilipita sheria inayomruhusu mkuu huyo kuomba msaada mwenyewe wakati wa dharura.

Kwa ufupi: Portland mamlaka ilizidi mpaka wake, na kwenye jengo la Bunge ilipungukiwa siku ya haja. Wakati wa dharura anahitajika mtu mmoja wa kuamua haraka, na sheria inapaswa kumwonyesha mahali anapoishia.

Muswada ukija mezani

Kenya ilikuwa na kitengo cha polisi wa utawala cha kulinda majengo ya serikali. Baada ya mageuzi ya 2018 kinaitwa kitengo cha kulinda miundombinu muhimu. Juni 25, 2024 vijana waliopinga Muswada wa Fedha waliingia Bunge la Nairobi, na waandamanaji waliuawa kwa risasi. Mwaka uliofuata Mbunge Esther Passaris alipeleka muswada wa kuzuia mikutano na maandamano ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo yanayolindwa. Linganisha vipimo: baada ya watu 224 kufa kwa malori ya mabomu, Wamarekani waliweka mita 30 dhidi ya magari. Hapa mita 100 zilipendekezwa dhidi ya watu wanaotembea kwa miguu kwenda kwa wabunge wao.

Nikishika muswada wa kuunganisha ulinzi wa majengo, wa nchi yoyote, hivi ndivyo vifungu ninavyovitafuta:

- Kifungu cha fedha. Kama chombo kipya kinaagiza na wizara nyingine zinalipa, mapendekezo 25,000 yataanza kujilundika upya.
- Mpaka wa mamlaka, umeandikwa kwa mita au kwa jina la barabara. Maneno kama "na maeneo ya karibu" hayatoshi.
- Mafunzo ya mlinzi wa mlangoni na nani anawajibika kuyatoa. Mara nyingi miswada hunyamaza hapa, kwa kuwa mlinzi ni wa kampuni.
- Mlango wa mwananchi: atapekuliwa vipi, na akidhalilishwa atalalamika wapi nje ya chombo chenyewe.
- Anayekataa kiwango, anakataa kwa saini ya nani.

Hicho cha mwisho ndicho Marekani imekichukua kwa majengo yake ya ndani, robo karne baada ya kukiweka kwa balozi. Mwishoni mwa 2024 ilipitishwa sheria inayozitaka kamati za usalama za majengo kulijibu kila pendekezo la Kikosi cha Majengo ndani ya siku 90. Sheria hiyo haizilazimishi kukubali. Kamati ya maofisa wa mafao bado inaweza kusema kamera ya uani haitanunuliwa mwaka huu, kwa kuwa karani anahitajika zaidi. Ila lazima iseme, na iandike sababu, na jibu hilo liwepo kwenye jalada siku mkaguzi atakapolifungua.